Kufuli la Bwana Subiri

Kaka yangu alikuwa mtu wa kuudhi, na nasema hivi nikiwa dada yake wa tumbo moja, niliyempenda kuliko ninavyoweza kueleza. Ukimkaribisha nyumbani, kabla hajaitikia salamu macho yake yamekwisha kupanda ukutani yanafuata waya. Ukimwekea chai, anakuuliza nani alikufungia soketi ile. Mimi ni mshonaji, nafanya kazi sebuleni kwangu. Siku moja nilikuwa na wateja, akaingia, akachomoa pasi, akachomoa cherehani, akachomoa na redio, akazishika zile plagi kama mtu aliyekamata panya kwa mikia. "Dada," akasema mbele za watu, "soketi moja haibebi ukoo mzima." Wateja walicheka hadi nikasahau kipimo cha kiuno nilichokuwa nimekwisha kukichukua. Mimi sikucheka. Nilimwambia aende akamfundishe mkewe, mimi nimehitimu.

Kazini walimwita Bwana Subiri, kwa sababu neno lake la kwanza kwa kila jambo lilikuwa "subiri kwanza". Alimwambia kibarua, alimwambia msimamizi, na alimwambia injinia kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka. Hata siku ya ndoa yake, alipopewa kalamu atie saini, alisema subiri kwanza, akaisoma karatasi yote tangu juu hadi chini. Bibi harusi amesimama pembeni jasho linamtiririka, anadhani mwanamume ameghairi. Wifi yangu hakumsamehe kwa hilo mpaka walipozeeka, na hata walipozeeka alikuwa akilitoa kila walipogombana.

Alianza kazi kwa jembe. Baba yetu alipofariki mimi nilikuwa bado mtoto mdogo, sijui hata kuandika, na yeye akaacha shule akajiunga na genge la wachimba mitaro ya kebo za umeme. Ndiyo maana mimi nilisoma na yeye hakusoma. Kutoka kwenye jembe akapandishwa kuwa mlaza kebo, na baada ya miaka mingi akawa muunga kebo, kazi ambayo katika genge zima hufanywa na watu wawili tu. Mwenzake alikuwa mtu mmoja mwembamba anayetumia mkono wa kushoto, tukimwita Mashoto. Hao wawili walikaa shimo moja, wanatazamana magoti kwa magoti, kwa muda mrefu kuliko ndoa nyingi ninazozijua.

Watu hudhani kulaza kebo ni kuchimba na kutupia waya. Mimi nilidhani hivyo pia, mpaka nilipoanza kumpelekea kaka chakula cha mchana, wifi akiwa kazini kwake, maana yeye ni mpishi wa shule na mchana hana nafasi. Nikaona. Lile gurudumu kubwa la mbao lililozungushiwa kebo halirushwi chini kutoka kwenye lori. Linashushwa taratibu, na likisukumwa linafuata mshale uliochorwa ubavuni mwake, kwa sababu ukilisukuma kinyume kebo inalegea na kujisokota. Mtaro unafika kiunoni mwa mtu mzima. Mawe yanaokotwa moja moja, kisha unamwagwa mchanga uliochekechwa, laini kama wa kuchezea watoto. Kebo inapitishwa juu ya vigurudumu vidogo, haiburutwi. Penye kona inapindishwa kwa nafasi, haikunjwi kama kamba ya kufungia mzigo. Ikishalala inafunikwa mchanga tena, halafu vigae, halafu udongo kidogo, halafu utepe mpana wa manjano wenye maandishi ya hatari, ndipo mtaro unajazwa.

Nilimuuliza, utepe wa nini nao unazikwa? Nani atausoma huko chini?

"Atausoma mtu atakayekuja na sururu yake siku ambayo sisi hatupo," akasema huku anatafuna. "Kigae kitamzuia mkono, utepe utamwambia kwa nini. Sasa wewe ulitaka nimwambie kwa njia gani, nimtokee ndotoni?"

Kulikuwa na msemo mmoja ambao hakuutaka kabisa: ajali haina kinga. Mtu akiusema mbele yake, alikuwa akiacha alichokuwa akifanya. "Ina kinga," alisema. "Kinga yake ni kuamka mapema na kutokuwa mvivu. Waliosema haina kinga walikuwa wanatafuta kisingizio." Nilimwambia wahenga watamshitaki. Akasema waje, lakini waje wamevaa viatu vya mpira.

Basi katika taratibu zake zote, aliyoishika kwa meno ilikuwa ya kufuli. Nitaieleza, kwa maana bila hiyo hutaelewa kilichotupata.

Kebo ikiwa tayari inatumika, na inatakiwa kukatwa au kuungwa, lazima kwanza umeme wake uzimwe kituoni, kwenye swichi kubwa. Kuzima peke yake hakutoshi, kwa sababu kilichozimwa na mkono huu chaweza kuwashwa na mkono ule. Kwa hiyo kila mtu anayeingia mtaroni anatundika kufuli lake kwenye swichi ile. Si kufuli la ofisi, ni lake yeye, lina ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo unakaa mwilini mwake. Wakiingia watu wanane, yananing'inia makufuli manane. Likibaki moja, swichi haisogei. Baada ya hapo wanapima kebo kwa testa, na hata testa yenyewe wanaipima kwanza mahali penye umeme, wahakikishe haijafa ikawadanganya. Ndipo kisu kinaguswa.

La kaka lilikuwa jekundu, limechubuka rangi. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi mweusi, na hakuuvua hata akioga. Wifi yangu mwanzoni aliuonea wivu kabisa. Alikuwa akisema amelala na chuma ubavuni zaidi kuliko alivyolala na mume. Na yeye alimjibu jibu lile lile kila mara: "Mke wangu, ukisikia niko kazini, usiulize niko salama. Uliza kufuli langu liko wapi. Likiwa pale, jua niko mtaroni na ni mzima, na hakuna mtoto wa mtu atakayewasha umeme."

Na hakuna aliyeruhusiwa kulikata kufuli la mwenzake. Zamani kidogo Mashoto alisahau lake kwenye swichi akaenda zake nyumbani. Kazi imekwisha, watu wote wametoka, mtaa unasubiri umeme, na kufuli la Mashoto linawatazama. Injinia wa wakati ule alikuwa na haraka ya wakubwa wake, akaagiza mkasi wa kukatia chuma. Kaka akaenda akakaa chini mbele ya swichi, akanyoosha miguu. "Subiri kwanza," akasema. "Unajuaje yuko nyumbani? Umemwona? Mimi sijamwona." Ikabidi gari liende. Mashoto aliletwa ana povu la sabuni masikioni na shati amelivaa kinyume, na genge likamcheka mpaka likalala chini. Kaka peke yake hakucheka. Alimshika bega, akamtazama kama anayemhesabu viungo, akamwambia, "Haya, nimekuona. Fungua." Tangu siku hiyo mkasi ule ulibaki stoo, na kwa miaka sikusikia kwamba umetolewa.

Mvua zilipokwisha, kebo inayoleta umeme mtaani kwetu iliharibika. Maji yalikuwa yameingia kwenye kiungo cha zamani, kazi ya genge jingine, watu waliofunga bila kukausha. Mtaa mzima ukazimika: nyumba, gereji, zahanati, pampu ya maji. Kaka alifurahi, jambo la ajabu kulisema, lakini alifurahi. Maisha yake yote alikuwa akiunga umeme wa watu wengine, na sasa anaunga wa kwao. Asubuhi ile alipita kwangu akiwa amevaa ovaroli, akagonga dirisha. "Jioni utapiga pasi," akaniambia. "Ila plagi moja moja."

Nililolisikia baadaye ni hili, na nimelisikia kwa Mashoto ambaye hasemi uongo. Walikata kipande kibovu, wakalaza kipya, wakaanza kuunga. Kuunga kebo ni kazi ya kunyamaza. Unalivua tabaka moja baada ya jingine, na kisu kikiteleza kidogo tu, kikachora mahali pasipotakiwa, mchoro huo utakaa kimya miaka na siku moja utaripuka. Walikuwa wamefika katikati, kaka akaweka kisu chini. Akasema mkono umekuwa mzito. Akapanda juu, akakaa kwenye lundo la mchanga, akaomba maji. Uso ulikuwa wa rangi nyingine. Msimamizi akamwambia gari lipo, twende zahanati. Kaka akasema si lazima, wakamlazimisha. Alipokuwa anapanda garini akageuka.

"Narudi sasa hivi," akamwambia Mashoto. "Usikifunge hicho kiungo kabla sijakiona."

Sheria inasema mtu akiondoka kazini, anaondoa kufuli lake. Hata akienda msalani mbali, anaondoa. Yeye ndiye aliyewafundisha hivyo, na yeye siku hiyo hakupita kituoni, wala hakuna aliyemkumbusha. Wangemkumbusha vipi? Ni kama kumkumbusha imamu sala au padri misa. Na nadhani, kwa jinsi ninavyomjua, hakusahau. Alikuwa anarudi. Kiungo chake kilikuwa wazi mchangani, na mtu wa namna ile haondoki kwenye kiungo kilicho wazi, hata kama miguu yake imeondoka.

Alifia kwenye benchi la zahanati, nesi akiwa bado anamfunga kile kitambaa cha kupimia presha. Moyo tu. Baada ya maisha yote pembeni mwa kitu ambacho kingeweza kumuua kwa mguso mmoja, umeme haukumgusa kamwe. Nimekuwa nikijiambia hilo ni la kushukuru. Bado sijaweza kushukuru.

Msiba ulikuwa gizani. Pampu haisukumi maji, kwa hiyo wanawake wa msiba walikwenda kuteka mbali na kurudi na ndoo vichwani, na mishumaa ilikuwa inatiririka kwenye visosi. Wifi aliletewa mfuko wa vitu vya marehemu kutoka zahanati: viatu, saa, leso, ufunguo na uzi wake. Viatu akaviweka chini ya kitanda. Ufunguo akauvaa shingoni. Hawakujaliwa watoto, nyumba ile ilikuwa ya watu wawili, na sasa alikaa kwenye mkeka katikati ya watu waliojaa hadi mlangoni, mkono wake kifuani juu ya ule uzi, halii, hali, anaitikia pole kama mtu anayepokea mizigo ya watu wengine. Mimi nililia kwa niaba ya wote wawili. Sijui kulia kidogo. Nikilia, majirani wanafunga milango.

Tulimzika. Mashoto alirudi shimoni bila mwenzake, akamaliza kiungo, akakipima mara mbili. Genge likatoka, kila mtu akaondoa kufuli lake. Lilibaki lile jekundu.

Kesho yake baada ya mazishi msimamizi alikuja nyumbani, ameongozana na Mashoto. Msimamizi ni mtu mnene, mpole, anayefuta jasho hata kwenye kivuli. Walivua viatu, wakakaa mkekani, wakatoa pole upya. Kisha msimamizi akakohoa.

"Shemeji, nisamehe. Sikuja na neno zuri. Kazi imekwisha, lakini kufuli la marehemu bado liko kwenye swichi. Tunaomba ule ufunguo."

Wifi akatikisa kichwa.

"Shemeji, mtaa mzima uko gizani. Zahanati wanatumia tochi. Ofisini wamenivumilia kwa sababu ya msiba, lakini wamesema mwisho kesho. Kesho asubuhi likatwe."

"Alisema anarudi," wifi akasema.

Msimamizi akanitazama mimi. Ndipo hasira ikanipanda. Nilimshika wifi mkono nikamwinua, nikampeleka chumbani, nikarudisha mlango.

"Wifi, unafanya nini?" nikamwambia. "Watu wanabeba maji kwa ajili ya msiba wako na migongo inawauma. Kuna mgonjwa zahanati anashonwa kwa mwanga wa simu. Kaka yangu hakuwahi kumweka mtu gizani hata dakika moja kuliko ilivyolazimu, na wewe unamtia aibu naye bado udongo wake haujakauka. Hebu toa huo ufunguo."

Nilikuwa nimesema kwa sauti kubwa. Najua walisikia hadi uani. Wifi alikaa kitandani, upande wake, akaacha upande wa pili wazi kama kawaida yake.

"Mlimzika," akasema. "Niliona. Mimi si kichaa, wifi. Niliona udongo unamwagwa, nami nikatupa wangu. Lakini kule kituoni kuna kufuli linasema yuko mtaroni na ni mzima. Ameniambia hivyo tangu siku ya kwanza ya ndoa yetu: uliza kufuli langu liko wapi. Nimeuliza. Liko pale pale. Duniani pamebaki mahali pamoja tu panaposema mume wangu yupo, halafu mnataka niende mimi, kwa mkono wangu, nipanyamazishe."

Mimi ninayejibu kila mtu, mwenye ulimi ambao mama alisema nilizaliwa nao mrefu kuliko miguu, nilikaa upande ule wa kitanda uliokuwa wazi, nikasahau kwamba ni upande wa kaka. Harufu yake ilikuwa bado kwenye mto. Harufu ya mpira na sabuni ya unga.

Tuliporudi sebuleni, msimamizi alikuwa amesimama tayari kuondoka.

"Basi shemeji," akasema, "tusikusumbue. Kesho tutakata. Ila nikuambie ukweli, sijui atakata nani. Nimewaambia vijana, hakuna aliyetaka kuushika ule mkasi. Nimeushika mwenyewe, nimefika mbele ya swichi, nimerudi."

"Kukata?" wifi akasema. Ni kama alikuwa hajalisikia neno hilo mara ya kwanza. "Mlikate kufuli lake?"

"Ofisi inaruhusu, ikiwa mwenyewe hawezi kuja."

Wifi akasimama wima. Ni mwanamke mfupi, lakini yule msimamizi mnene alirudi nyuma hatua moja. "Kufuli la mume wangu halikatwi," akasema. "Alikaa chini kwenye saruji kwa ajili ya kufuli la huyu," akamwonyesha Mashoto, "na huyu alikuwa anaoga tu. Leo mumkatie la kwake?" Akafunga kitambaa chake kichwani upya, akavaa viatu. "Nani amepita mstari?"

Wanaume wale wakatazamana. Mashoto ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini. Kabla mtu hajafungua kufuli lake, anautembea mtaro wote, tangu mwisho hadi kituoni; huko ndiko kupita mstari. Kila penye uwazi anainama, anaita, "Kuna mtu ndani?" Anasikiliza. Asipojibiwa ndipo anaendelea. Kila mmoja anaupita mwenyewe kwa ajili ya kufuli lake, hategemei macho ya mwenzake. Wengi huita huku wanatembea, alisema Mashoto. Kaka alikuwa anaita, halafu anasimama.

"Mstari wa kufuli lake haujapitwa," Mashoto akasema. "Kweli, shemeji. Hakuna aliyeupita."

"Nitaupita mimi," wifi akasema.

Tulitoka mchana ule ule, jua liko utosini. Mtaro ulianzia nyuma ya ukuta wa zahanati, ukafuata barabara, ukapita mbele ya gereji, mbele ya kibanda cha vocha, mbele ya nyumba yangu, hadi uzio wa kituo. Sehemu kubwa ulikuwa umekwisha kufukiwa, udongo bado mwekundu na mbichi. Wifi alitangulia. Mimi nilikuwa nyuma yake, kisha msimamizi na Mashoto, na kila tulipopita watu wa genge waliokuwa wamekaa kivulini waliinuka, wakavua kofia zao ngumu, wakafuata. Waombolezaji nao wakatoka nyumbani, wanatufuata bila kujua tunakwenda wapi. Hakuna aliyewaambia warudi.

Penye uwazi wa kwanza wifi aliinama akaita, sauti ndogo, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya wakubwa. Akasikiliza. Akaenda. Penye uwazi wa pili aliita kwa nguvu zaidi. Tulipofika mbele ya gereji palikuwa na shimo kubwa, shimo la kiungo. Kiungo kilikuwa kimelala chini juu ya mchanga, cheusi, kinene kama paja la mtoto, kimefungwa vizuri. Mashoto alikuwa hajakifukia. Alikuwa ameambiwa asikifunge kabla hakijaonwa, akakifunga kwa sababu kazi haingojei, lakini kukifukia alishindwa.

Wifi akapiga magoti ukingoni. Mafundi wa gereji walikuwa wanagonga bati. Mmoja aliona, akawapungia wenzake mkono, nyundo zikanyamaza. Mwenye pikipiki aliyekuwa anakuja alizima injini akaisukuma kwa miguu.

"Kuna mtu ndani?" wifi akaita.

Akangoja. Alingoja kama alivyokuwa akingoja kaka, uso umeelekea chini, sikio moja mbele. Tulisimama pale jua linatuchoma na hakuna aliyesogea. Msimamizi hakufuta jasho. Mimi najua mtu akifa hajibu, nimezika wazazi wangu wote wawili na sasa kaka, lakini naapa kwamba pale ukingoni nilikuwa nasikiliza. Nilitega sikio kabisa. Nilimwomba Mungu kwamba mara hii moja tu nisikie lile neno lake la kuudhi, subiri kwanza, nami sitamjibu kwa jeuri tena maishani mwangu.

Kisha wifi akainua uso, akanitafuta kwa macho.

"Wifi," akaniambia, "hajaitika."

"Hajaitika, wifi," nikasema.

Nikamshika kwapani nikamwinua. Alipangusa magoti, mchanga ukaanguka shimoni. Mashoto akachukua koleo, akaanza kukifukia kiungo, mchanga kwanza, kwa mkono wake wa kushoto, machozi yanamdondoka naye hayapangusi.

Kituoni walimpitisha peke yake hadi kwenye swichi, mimi nikabaki nje ya uzio nimeshika waya wa wigo kwa mikono miwili. Nilimwona anavua uzi shingoni. Kufuli lilikuwa gumu kidogo, vumbi lilikuwa limeliingia, akalizungusha mara mbili ndipo likafunguka. Hakulitupa wala hakulibusu. Alilitoa, akarudi nyuma hadi mstari wa manjano aliopangiwa, akalishika kwa mikono yote miwili mbele ya tumbo. Msimamizi akauliza kwa sauti kama wote wametoka. Genge likajibu. Akavuta mkono wa swichi, na transfoma ikaanza kuvuma.

Na mtaa mzima ukapiga kelele. Ninyi mnajua kelele za umeme uliorudi. Watoto walitoka majumbani wakirukaruka, redio zililia kila upande kwa nguvu kama zilivyoachwa, mwanamke mmoja akapiga vigelegele, na kule gereji wakapiga honi ya gari bovu. Hawakukusudia ubaya. Watu waliokuwa gizani wamepata mwanga, wafurahi, ni haki yao. Wengine walipunga mikono kuelekea kituoni, kumshukuru yeyote aliyekuwa pale.

Wifi yangu alisimama nyuma ya mstari wa manjano, kufuli jekundu mikononi, mtaa mzima unamshangilia. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu afe mumewe, na kwa zile redio na yale makelele ya watoto hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi.